Vifundo kwenye makopo ya Mzee: nimchore alivyokuwa, au nimsitiri?

BARUA YA MSOMAJI

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mchoraji, mwanamke wa miaka 30 na ushei, mkazi wa Mbagala hapa Dar es Salaam. Nakuandikia nikiwa bado katika majonzi ya mwalimu wangu wa uchoraji, aliyefariki mwanzoni mwa masika ya mwaka huu. Nitamwita Mzee, kama tulivyomwita sote tuliopita mikononi mwake.

Mzee alianza kazi kwa kuandika mabango ya maduka na vibanda vya vinyozi, kisha akaingia katika uchoraji wa Tingatinga, ule wa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, ambao ndio uliomlishia watoto wake. Alinipokea nilipomaliza kidato cha nne nikiwa sina ada wala mwelekeo, akanifundisha bila kunidai hata senti. Kabla ya kuniruhusu kugusa ndege na twiga wanaonunuliwa na wageni, alinikalisha mbele ya meza yake na kunipangia vitu vya kawaida: sufuria iliyoungua, dafu lililofunguliwa, maembe, kibatari. Alikuwa akisema kwamba twiga ukimkosea watu watadhani ndio mtindo wako, lakini sufuria ukiikosea hata mtoto atakuambia, kwa sababu kila mtu anaijua. Basi nikajifunza kutazama vitu vilivyotulia mezani hadi nikavipenda kuliko wanyama, na hadi leo hiyo ndiyo kazi ninayoiona kuwa yangu hasa.

Miaka yake ya mwisho macho yalimwishia. Hospitali walimweleza kwamba ni presha ya macho, na kwamba kiasi cha uoni kilichokwishapotea hakirudi. Hakuacha kuchora. Alifunga nyuzi kwenye makopo yake ya rangi na kuzipiga vifundo: kifundo kimoja nyeupe, viwili njano, vitatu nyekundu, na kuendelea hivyo, ili vidole vimwambie kile ambacho macho yalishindwa kumwambia katika chumba kile chenye dirisha dogo. Nilikuwa nikinunua naye rangi na kumsaidia kufunga nyuzi, naye akaniusia nisimwambie mtu yeyote. Maneno yake yalikuwa haya: “Wateja wakijua watanunua huruma, hawatanunua picha.” Niliyatunza hadi alipoaga dunia.

Sasa nataka kumchorea picha ya kumbukumbu. Familia yake haitundiki sura za watu ukutani kwa sababu za dini, nami naheshimu hilo. Isitoshe sikuwahi kufikiria kumchora uso. Nataka kuchora meza yake kama alivyoiacha: brashi ndani ya kopo la maziwa ya unga, redio yake ya betri, kofia yake iliyodarizwa kwa mkono, kikombe cha kahawa, miwani, ubao mmoja ambao hakuumaliza, na makopo ya rangi pamoja na vifundo vyake. Kwangu mimi vifundo ndivyo moyo wa picha. Bila hivyo, ile ni meza ya mchoraji yeyote.

Nilikwenda kwa mjane wake, ambaye namwita Mama, kumwomba ruhusa. Alifurahi hadi akalia, akasema Mzee angependa. Lakini nilipotaja kwamba makopo nitayachora jinsi yalivyo, alinyamaza, kisha akasema, “Mwanangu, msitiri mzee wako,” na akabadilisha mazungumzo. Sikuthubutu kumuuliza zaidi. Nilikuwa nadhani hajui maana ya vifundo vile, maana Mzee aliniambia ni siri yetu.

Mambo mengine mawili yananibana. La kwanza, mtoto mkubwa wa marehemu anataka kukirudisha chumba cha kazi kwa mwenye nyumba mwisho wa mwezi huu. Amesema nichukue brashi nikitaka, na vingine vitagawiwa au kutupwa. La pili, kuna ukumbi wa maonyesho ambao umetualika sisi wanafunzi wake, kila mmoja alete kazi moja ya kumkumbuka, na maonyesho hayo yatafunguliwa kabla Mama hajamaliza eda. Wenzangu wamegawanyika. Mmoja anasema nivifungue vile vifundo nichore makopo matupu. Mwingine anasema watu wa Dar hawataelewa picha ya makopo, heri nichore kanga na vipepeo kama alivyokuwa akichora yeye. Wa tatu, ambaye nilimdokeza kidogo tu, amenitia hofu zaidi: anasema Mama bado ana mbao kadhaa za Mzee za miaka ile ya mwisho, ndizo anazotegemea kuziuza, na watu wakijua kwamba mchoraji alikuwa haoni vizuri, watasema ni sisi wanafunzi tuliozichora, na hazitauzika.

Nisipovichora, naogopa kwamba jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya litazikwa pamoja naye, nami nikiwa shahidi pekee. Nikivichora, naogopa kuvunja amana na kumuumiza Mama. Naomba ushauri wako.

Wako,
Mwanafunzi wa Mzee, Mbagala

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, binti yangu. Pokea pole zangu za dhati kwa msiba huu. Mwalimu aliyekuchukua bila ada na kukupa kazi ya maisha ana nafasi ya mzazi, na simshangai mtu anayeshindwa kulala kwa kufikiria namna ya kumuenzi mtu wa aina hiyo. Namwombea Mzee wako rehema, na wewe nakuombea subira.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na ningependa kwanza kukurudishia nilivyoielewa ili uone kama nimekusikia. Unalo jambo ambalo ulilipokea kama siri, na siri hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote unazozijua za marehemu. Ukiitunza, unatimiza neno ulilompa. Ukiichora, unatimiza neno jingine ambalo pengine hukulitamka lakini unaona anakudai: kwamba watu wajue alikuwa nani. Kati ya hayo mawili amesimama Mama na maneno yake machache, wamesimama wenzako na maoni yao, na umesimama mwisho wa mwezi. Mambo haya yote yamekujia kwa wakati mmoja, nami naamini sehemu ya uzito unaousikia inatokana na kwamba umeyafunga pamoja wakati si lazima yawe pamoja.

Nianze na maneno ya Mama, kwa sababu ndiyo yaliyokusimamisha. Unasema ulidhani hajui maana ya vifundo. Lakini ulipotaja makopo “jinsi yalivyo” yeye ndiye aliyesema umsitiri. Mtu asiyejua kitu asingesema hivyo. Kwa hiyo ama anajua, pengine tangu zamani, na yeye pia amekuwa akiitunza siri ileile upande wake bila ninyi wawili kuambiana. Ama alikuwa akifikiria jambo jingine kabisa. Hebu fikiria chumba kile kama anavyokiona mke. Wewe unaona makopo na vifundo, lakini huenda yeye anaona kofia iliyochakaa ambayo angependa ingekuwa mpya, kikombe kilichovunjika mkono, rangi zilizokopwa dukani ambazo hazijalipwa, umaskini wa chumba ambacho mumewe alishinda humo. Neno kumsitiri mtu, kwa wanawake wa rika lake, ni pana. Linaweza kuhusu macho, linaweza kuhusu deni, linaweza kuhusu kofia. Wewe umelifasiri moja kwa moja kuhusu vifundo kwa sababu vifundo ndivyo vilivyoujaza moyo wako. Sisemi umekosea. Nasema hujamuuliza, na kwamba kabla ya kuuliza, unapambana na katazo ambalo pengine halipo au ambalo lipo mahali pengine.

Najua kumuuliza mjane aliye ndani ya eda si jambo jepesi, na adabu uliyoionyesha kwa kunyamaza naipenda. Miezi minne na siku kumi ni muda aliopewa ili aomboleze bila kusukumwa na mahitaji ya watu. Lakini eda haimzuii kuzungumza na binti yake wa hiari, tena juu ya mumewe; wajane wengi hutamani hasa jambo hilo, kwa sababu wageni wakishatawanyika baada ya hitma, hakuna tena anayemtaja marehemu kwa kina. Ukienda, usiende na swali la ruhusa. Ukimwuliza kama anakubali uchore vifundo, unamweka mahali ambapo lazima aseme ndiyo au hapana, na mtu aliyechoka kwa huzuni hujibu hapana ili apumzike. Mwombe akusimulie macho ya Mzee yalivyoanza kumsumbua. Msikilize. Katika simulizi hiyo utasikia kama anajua, tangu lini anajua, na ni kitu gani hasa anachotaka kisitirike.

Sasa nije kwa Mzee mwenyewe na usia wake, ambao naona ndio ulio mzito zaidi katika barua nzima. Unauita siri, nawe umeishi nao kama siri, lakini alikupa na sababu yake: wateja wangenunua huruma badala ya picha. Itazame sababu hiyo kwa makini, kwa kuwa ulifundishwa kutazama. Hakusema anaona haya kwa kuwa haoni. Hakusema watu wasijue kamwe. Alikataa jambo moja, nalo ni kuhurumiwa, na alilikataa kama fundi anayetaka kazi yake ipimwe kama kazi. Je, sababu hiyo imekufa pamoja naye? Yapo majibu mawili na yote yana uzito. Mtu anaweza kusema kwamba hakuna tena mteja wa kumdanganya Mzee kwa noti za huruma, kwa hiyo kilichokuwa kikilindwa hakipo. Mwingine anaweza kusema kwamba mbao zilizobaki kwa Mama bado zinanunuliwa, na kwamba mtu anayeingia ukumbini akasomewa habari za mzee aliyekuwa akipoteza uoni atafanya lilelile alilolichukia, yaani kutikisa kichwa kwa masikitiko na kupita bila kuitazama rangi.

Hapa ndipo ninapoona kwamba swali la kama uchore vifundo au usichore ni jembamba kuliko tatizo lenyewe. Vifundo vilevile vinaweza kuchorwa vikaomba huruma, na vinaweza kuchorwa vikatoa taarifa ya akili ya fundi. Wewe unajua vizuri kuliko mimi jinsi hilo linavyofanyika. Miwani iliyokunjwa mbele kabisa, mwanga hafifu wa jioni, kiti kitupu pembeni: picha hiyo itamlilia Mzee kwa sauti, na itamfanya kila mtazamaji amlilie. Meza hiyohiyo saa tatu asubuhi, makopo yakiwa yamefunguliwa, rangi ikiwa bado imelowa kwenye brashi, nyuzi zikining’inia kama sehemu ya vifaa vya kazi pamoja na redio na kahawa, hiyo ni meza ya mtu ambaye ametoka kidogo kwenda kuswali dhuha na atarudi. Sina hakika ni ipi uliyoiona kichwani ulipoandika, na ningependa ujiulize kwa uaminifu.

Wachoraji waliokutangulia wamepita katika njia hii. Vincent van Gogh, Mholanzi yule ambaye bila shaka umesikia habari zake, alifundishwa mwishoni mwa mwaka 1881 na Anton Mauve, mchoraji mwenye jina aliyekuwa amemwoa binamu wa Vincent. Baadaye waligombana na hawakupatana sawasawa tena. Mauve alifariki Februari 1888, na habari za kifo chake zilimfikia Vincent akiwa Arles, kusini mwa Ufaransa, akichora miti ya matunda iliyochanua. Hakumchora mwalimu wake wala zana zake. Alichagua picha ya mipichi iliyojaa maua ya rangi ya waridi, akaandika juu yake kwamba ni kumbukumbu ya Mauve, ikapelekwa kwa mjane. Katika barua kwa ndugu yake Theo alieleza kwamba aliona kumbukumbu ya Mauve inahitaji kitu chororo na chenye furaha, si kazi yenye uzito wa huzuni. Nakutajia hilo kwa sababu mbili. Rafiki yako anayekushauri uchore kanga na vipepeo hakusema upuuzi. Huenda ameona jambo kuhusu furaha iliyokuwamo katika kazi ya Mzee, hata kama njia anayoipendekeza si yako. Na picha ile haikukusudiwa umma, ilikusudiwa mke wa marehemu.

Lakini mtu huyohuyo, miaka mitatu kabla ya hapo, alifanya kinyume. Baba yake, mchungaji wa kanisa, alifariki mwezi Machi 1885. Oktoba ya mwaka ule Vincent alichora Biblia kubwa ya baba yake ikiwa imefunguliwa mezani, na mshumaa uliozimika kando yake, na mbele yake kitabu kidogo cha hadithi kilichochakaa, cha aina aliyoipenda yeye mwenyewe. Baba na mwana walikuwa wametofautiana sana juu ya imani na maisha, na picha haikuficha tofauti hiyo. Iliviweka vitabu viwili meza moja. Vitu vilivyotulia vina uwezo huo. Vinaweza kusema ukweli mgumu bila kumshtaki mtu, kwa sababu havina uso wa kuaibika. Labda ndiyo maana moyo wako ulikwenda moja kwa moja kwenye meza, hata bila kuhitaji sababu ya dini.

Kuhusu rafiki anayekuambia uvifungue vifundo, nina neno moja tu, na hapa nitasema wazi kuliko mahali pengine: usivifungue. Kuchora makopo bila vifundo ni uamuzi unaoweza kuubadilisha kesho; kufungua nyuzi alizozifunga mwenyewe ni kitendo kisichorudi. Hata ukiamua kuviacha nje ya picha, viache kwenye makopo.

Pia sitaki uamini kwamba picha isiyo na vifundo itakuwa ya uongo. Kila mchoraji wa vitu huchagua, huhamisha, huondoa. Mzee alipokupangia sufuria na dafu, naye alikuwa akichagua. Zipo njia za katikati ambazo unazijua: kuligeuza kopo ili uzi uonekane na kifundo kibaki kivulini, au kukichora kikiwa kidogo kiasi kwamba anayejua atakiona na asiyejua atadhani ni kamba ya kufungia kifuniko. Njia hizi zina uzuri wake, nazo zina hatari yake. Kitu kilichofichwa nusu humwita mtu aulize, na siku ya ufunguzi utakuwa umesimama kando ya picha, watu watakuuliza, nawe una huzuni na fahari. Jiulize kama utaweza kunyamaza. Ukiona hutaweza, basi kifundo cha kivulini kitakuwa kimetangazwa na mdomo wako badala ya brashi, tena siku ambayo hukuichagua.

Jambo la mbao za Mama linahitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu hapo si hisia tu, ni riziki ya mjane. Mwenzako anasema zitakosa soko. Inawezekana. Wapo wanunuzi ambao wakisikia tu kwamba macho yalikuwa na kasoro watatilia shaka mkono uliochora. Inawezekana pia ikawa kinyume, zikatafutwa zaidi, na hapo tutarudi kwenye huruma ambayo Mzee hakuitaka. Hakuna anayeweza kukuhakikishia upande wowote, na kwa kuwa hasara ikitokea haitakuwa yako, sidhani kwamba unaweza kuipima hatari hiyo kwa niaba ya Mama bila yeye kujua kwamba ipo. Pengine atachagua kuziuza kwanza. Pengine atasema afadhali ijulikane. Zaidi ya yote, shaka ya kwamba wanafunzi ndio waliochora ina jibu moja tu lenye nguvu, nalo ni ushuhuda wa mtu aliyekuwapo. Ningekushauri uandike sasa, kwa mkono wako, ukiwa bado unakumbuka vizuri: kila kopo lilikuwa na vifundo vingapi, Mzee alipimaje ubao kwa vidole, alianza na rangi ipi, wewe ulisaidia nini na hukusaidia nini. Andika hata kama hutamwonyesha mtu kwa miaka mingi. Hofu yako kubwa ni kwamba jambo hili litazikwa. Maandishi hayo yanaizuia hofu hiyo isikusukume kuchora haraka.

Na hapo ndipo niseme juu ya muda. Mwisho wa mwezi unahusu vitu, hauhusu picha. Maonyesho yanahusu picha, hayahusu vitu. Umevichanganya. Kinachoharakishwa na mwenye nyumba ni meza kubaki ilivyo, na hilo unaweza kulishughulikia wiki hii bila kuamua lolote kuhusu vifundo: kaa pale asubuhi, piga michoro ya awali ya penseli, pima umbali wa kitu na kitu, andika rangi ya kivuli cha kila kopo, piga picha za simu kama nyongeza, ukijua kwamba simu haitunzi mwanga kama jicho linavyoutunza. Picha za simu zibaki kwako. Moja ikiingia katika kundi la WhatsApp, uamuzi utakuwa umekwisha kufanyika. Baada ya hapo unaweza kuchora mwezi ujao, au baada ya eda, au mwakani. Ukumbi ulikualika ulete kazi ya kumkumbuka. Haukusema ni ipi. Unaweza kupeleka sufuria na dafu, somo lile la kwanza alilokupa, na likawa kumbukumbu ya kweli kabisa. Unaweza pia kutopeleka chochote, ingawa nahisi hilo lingekuumiza, na wenzako wangeweza kulielewa vibaya.

Kuhusu vitu vyenyewe, kumbuka kwamba tangu siku Mzee alipofariki ni mali ya warithi, hata kopo la rangi lililokauka. Kaka, yule mtoto mkubwa wa marehemu, amekuruhusu brashi tu. Ukiyataka makopo, muombe waziwazi mbele ya Mama au ndugu mwingine, ili baadaye isije ikasemwa kwamba ulijichukulia. Na ule ubao ambao hakuumaliza, ukiuchora ndani ya picha yako utakuwa umenakili kazi yake, na haki za msanii juu ya kazi zake hazikomi kwa kifo, hurithiwa. Sidhani familia itakukatalia, lakini ni vizuri watajwe na waulizwe, hasa kama picha itauzwa. Hilo la kuuza hukuligusa katika barua, nalo litakuja, kwa maana picha ikitundikwa ukumbini lazima mtu aulize bei. Amua mapema kama ina bei, na kama inayo, ni ya nani.

Mji huu wenyewe una namna yake ya kuwakumbuka walimu wa rangi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa mwishoni mwa miaka ya 1960, akafa mwaka 1972, kazi yake ikiwa imedumu miaka michache tu. Wale aliowafundisha, wengi wao ndugu zake, waliendelea kuchora Oysterbay jirani na Morogoro Stores, na baadaye wakaunda ushirika wao. Kumbukumbu aliyoipata ilikuwa kazi kuendelea kufanywa na jina lake kuendelea kutajwa. Nakueleza hili kwa sababu katika barua yako unajiita shahidi pekee, kana kwamba kila kitu kinategemea ubao mmoja utakaotundikwa mwaka huu. Kila sufuria utakayoichora sawasawa ni ushahidi wa Mzee pia, na una miaka mingi mbele ya kuzichora.

Sitakuamulia kuhusu vifundo, binti yangu, kwa sababu sehemu ya jibu iko kwa Mama na sehemu nyingine iko katika meza yenyewe, ambayo bado hujaikalia kuichora tangu Mzee alipoondoka. Huenda ukikaa mbele yake brashi mkononi, ukagundua kwamba moyo wa picha ni redio, au ni ile kofia. Huenda ukathibitisha kwamba ni vifundo, na hapo utakwenda kwa Mama ukiwa na mchoro wa penseli wa kumwonyesha badala ya maelezo ya mdomo. Wapo watu ambao huogopa jambo likielezwa na hulikubali wakiliona. Ukienda na mchoro huo, umwachie siku chache akae nao peke yake. Kwa wiki hii, kabla ya lolote, zungumza na Kaka kuhusu makopo, na umwombe asiruhusu mtu kuyaosha wala kuyafungua.